Kitete Alichonipa Mwaitu

Kruu, kruu, kruu. Hata leo ukiniuliza ni sauti gani siwezi kusahau, nitakwambia ni hiyo: mtungi wa maji wa lita kumi ukiburutwa kwenye sakafu ya simiti. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali, na mimi nilikuwa nimesimama nje ya nyumba yetu hapa Mbumbuni nikijaribu kuvua kiatu ambacho hakikuwa mguuni. Ndani alikuwa binti yangu Mutheu, miaka mitano. Alinisikia nikija. Akauburuta ule mtungi mpaka mlangoni, akauegemeza hapo.

Nilimwita kwa sauti tamu, ile ya mama mzuri. Akanijibu kutoka ndani, kwa adabu kabisa, kwamba Susu ameenda shambani na hatachelewa, kwa hivyo nimngojee huko nje. Alinisemesha vile mtoto aliyefunzwa vizuri husemesha mgeni asiyemjua.

Susu ni nyanya kwetu Ukambani, na Susu wa Mutheu ni mama yangu, ambaye mimi humwita Mwaitu. Nitamtaja sana hapa, mnivumilie.

Mimi naitwa Mwende. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea. Kazi yangu ni kusuka nywele. Mimi ni mtu wa kuota ndoto mchana, tena kubwa kubwa: saluni yangu mwenyewe Kibwezi, vioo pande zote, viti vya kuzunguka, na mlango wa rangi ya machungwa, mtu akiuona kutoka barabara ya Mombasa aseme hapo ndipo kwa Mwende. Lakini tangu siku ya mtungi ndoto yangu ilikuwa moja tu. Nilitaka mtoto wangu aniruhusu nimkaribie. Ninaandika kwa sababu nilipokuwa ndani ya ule ugonjwa nilitafuta mtu wa kuniambia kwamba unaweza kupona, uanguke tena, na bado urudi. Sikumpata.

Pombe nilianzia Kibwezi, kwenye saluni ya watu niliyokuwa nimeajiriwa. Zile chupa ndogo ndogo za kuingia mfukoni. Mwanzoni nilikunywa ndiyo nicheke. Baadaye nilikunywa ndiyo mkono utulie nishike kitana. Watu huniuliza, sasa si ungeacha tu? Ningewaeleza, lakini ni vigumu. Hiyo hamu si kama hamu ya soda. Ni kama kuna mtu mwingine ndani yako mwenye kiu, na huyo mtu ana sauti kama yako, anajua jina lako, na hachoki kubembeleza. Ukimpa kidogo anakushukuru. Kesho yake anasahau kwamba ulimpa.

Wiki ya mtungi, mvua ya Oktoba ilikuwa imeanza, watu wote wako shambani wakipanda ndengu. Mwaitu aliacha mbegu kwenye karai akanipeleka hospitali. Kutoka huko nikapelekwa kwenye nyumba ya matibabu nje kidogo ya mji wa Kitui. Siku za kwanza siwezi kuzieleza vizuri. Niliona siafu wakitembea kwenye shuka, nikawa nawatoa mmoja mmoja na kuwaweka chini kwa upole, nisiwaumize, na msichana wa kitanda cha pili akanisaidia kuwatoa, ingawa hakukuwa na siafu hata mmoja. Mpaka leo ninampenda kwa hilo. Jasho, kutapika, mifupa ikiuma kama yote imetolewa ikarudishwa vibaya. Halafu asubuhi moja nikasikia harufu ya muthokoi ukichemka jikoni, mahindi na maharagwe, na tumbo langu likanguruma. Nililia kwa furaha. Sikuwa nimesikia njaa ya kweli kwa miezi.

Mshauri wetu hapo alikuwa Bi Zuhura, mama Mwislamu wa Kitui mjini ambaye babu zake walitoka pwani na biashara. Kiswahili chake kilikuwa laini kama mafuta. Chetu kilimchekesha. Nikisema "kitabu yangu" alishika kifua akasema Mwende utaniua kabla ya wakati wangu. Aliniambia nikitoka nirudi kila mwezi, nikae na kikundi, hata kama najisikia mzima. Hasa kama najisikia mzima, alisema. Nikaitika ndiyo, ndiyo.

Nilirudi nyumbani Desemba, ndengu zimetoa maua. Mutheu alinisalimia kwa mkono. Kisha akasogea karibu, akaninusa. Hakuficha. Alininusa mdomoni na kwenye nguo vile mbuzi hunusa majani asiyoyajua, akaenda zake kucheza. Usiku alilala kwa Susu wake, mimi nikalala kwa chumba changu cha nje. Nikasema sawa, pole pole.

Jumapili kanisani mchungaji akaniombea. Alikuwa mtu mwema na anaomba kwa nguvu, na mimi nilianguka kwa machozi, na nilipoinuka nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua kuni. Sikuwa ninaigiza. Nilishika maiki nikatoa ushuhuda kwamba nimepona kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Na kuanzia hapo sikuenda tena Kitui kwa Bi Zuhura, kwa sababu nilifikiri nikienda ni kama kumwambia Mungu kazi yake haikuisha.

Sasa niwaeleze kosa. Na ni kosa letu sisi, sijui kama watu wa kwingine wangelifanya.

Februari, ndengu zikiwa zimevunwa, mdogo wangu Mumbua alikuwa analetewa ntheo. Hao ni mbuzi wa kwanza ambao upande wa mwanamume huleta kwa wazazi wa msichana, na kwetu bila hao hakuna ndoa. Wageni walikuwa wanatoka Kyuso, mbali. Mwaitu alijitayarisha kunilinda kama mtu anayelinda yai. Aliwatumia wageni ujumbe kwamba kwake hakuingii chupa. Alitafuta kila pembe ya boma. Alitoa hata dawa ya kikohozi kwenye kabati kwa sababu jirani alimwambia ina kileo. Mjomba wangu Kioko, ndugu yake, alikuja na kachupa kake kwa koti, na Mwaitu akamsachi langoni mbele ya watu kama polisi.

Mjomba akalalamika kwamba hata mahakamani mtu hupewa heshima kuliko hapo.

Lakini ntheo haiendi bila pombe ya asali. Huletwa kwa kitete, kile kibuyu kirefu, na kwa ukoo wetu dada mkubwa wa bibi arusi ndiye hukipeleka mbele ya wazee, na huonja kwanza, wageni waone hakuna ubaya ndani. Dada mkubwa ni mimi. Na hakuna mtu hata mmoja, sio Mjomba, sio mchungaji aliyeketi pale mbele, sio Mumbua, sio mimi, aliyefikiri kwamba ile ni pombe. Kwa akili zetu pombe ni ile ya chupa, ya baa, ya kukuangusha mtaroni. Ile ya kitete ni baraka. Halafu mimi si nilikuwa nimepona? Kanisa zima lilisikia. Mwaitu mwenyewe alinivalisha leso mpya, akaniwekea kitete mikononi, akanitazama kwa furaha hivi kwamba nilijihisi mrembo.

Nikaonja. Funda moja. Nikapeleka.

Na hakuna kilichotokea. Hilo ndilo ningependa mtu mwenye ugonjwa kama wangu alisikie vizuri. Sikuanguka, sikulewa, nilisaidia kupakua chakula, nilicheza ngoma, na jioni nililala nikimshukuru Mungu kwamba sasa naweza kuonja kama watu wengine. Yule wa ndani aliamka polepole. Hakusema kitu siku hiyo. Siku ya nne aliniambia Kibwezi kuna nywele za jumla za bei nzuri, twende tukaangalie. Nikaenda. Sikurudi kwa wiki tatu.

Mwaitu alinipata nyuma ya ile saluni ya zamani, asubuhi, nimekaa chini. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya plastiki vimeacha alama kama za minyororo. Macho yalikuwa manjano. Nywele zangu mwenyewe, mimi msusi, zilikuwa zinatoka kwa mafungu. Nilidhani atanipiga au atalia. Aliinama akanifunga leso kichwani, akauliza kama naweza kutembea. Nikamwambia aniache. Akasema, "Nimekuja na bodaboda na tayari anahesabu dakika. Inuka, mama."

Akaniita mama, vile alikuwa akiniita nikiwa mdogo na nina homa.

Hospitalini tulipewa namba, na foleni ilikuwa imepita mlango ikazunguka ukuta. Niliona aibu ya kufa. Watu wanaonitambua walikuwa wananiangalia miguu. Mwaitu alikuwa amebeba sufuria na gunia dogo la kunde kavu, bado ziko kwa maganda, kwa sababu alitoka nyumbani akijua hospitali ni kungoja na yeye hawezi kukaa bure. Akalifungua akaanza kuambua. Baada ya muda akampa mama aliyeketi kulia kwake konzi moja ya maganda bila kuuliza. Huyo naye akaambua. Mwaitu akampa na mzee wa kushoto. Kufika saa sita benchi lote lilikuwa linaambua kunde, wenye mguu uliovunjika, wenye kifua, mama mjamzito, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniangalia. Mzee mmoja aliuliza kama watalipwa au ni kazi ya jela. Mwaitu akamwambia atalipwa mbinguni, na mzee akasema basi aandikiwe saa za ziada. Nilicheka nikiwa na macho manjano. Nilipoitwa, sufuria ilikuwa karibu kujaa.

Daktari hakunificha. Alisema ini langu limechoka, halijafa, lakini likirudishwa huko mara nyingine yeye hana neno la kuniambia. Nikalazwa siku kumi na moja. Mvua ya Machi ikaanza kunyesha nikiwa wadini, nikiisikia kwenye mabati, na kitu kibaya zaidi ya ini kilikuwa moyoni. Nilikuwa nimemdanganya Mungu mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyoona. Nilishindwa hata kusali kabla ya kula. Ningefunga macho nione aibu, nifungue.

Nilipopata nguvu Mwaitu alinirudisha Kitui kwa Bi Zuhura. Nilikaa mbele yake nikiangalia sakafu. Nikamwambia mimi niliponywa halafu nikaharibu, na Mungu hawezi kurudia kazi ya mtu kama mimi.

Hakunijibu hayo. Aliniuliza, "Kwenu mnateka maji wapi?"

"Mtoni, kwa mchanga. Tunachimba."

"Jana mlichimba?"

"Tulichimba."

"Na leo asubuhi?"

"Tulichimba tena. Mchanga hurudi ukajaa shimo."

"Na mama yako alipokuta shimo limejaa, alisema maji ya jana yalikuwa ya uongo?"

 Nikacheka kidogo, kwa sababu nilimwona Mwaitu akilini, amesimama mtoni na kibuyu akigombana na mchanga.

"Mimi huswali mara tano kila siku," akasema Bi Zuhura. "Unadhani Mwenyezi Mungu hunisahau katikati, ndiyo maana narudi? Narudi kwa sababu mimi ndiye ninayesahau. Ulipona, mwanangu. Lakini ulipona siku ile. Leo unapona ya leo."

Sijui dini yako ni gani wewe unayesoma. Mimi ni Mkristo na nitakufa hivyo. Lakini yale maneno ya mama Mwislamu ndiyo yaliyonirudisha kanisani. Nilianza kusali sala fupi sana, asubuhi kabla ya kutoka kitandani: leo tu. Sikuongeza kitu. Na kila mwezi nilipanda gari kwenda Kitui kwa kikundi, hata nikijisikia mzima.

Hasa nikijisikia mzima.

Kanisani sasa. Akina mama waliacha kunipa mtoto wa kubeba. Wengine walinong'ona kwamba ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo, kwamba nilimchezea Roho. Mwaitu alisikia yote. Yeye si mtu wa kuongea mbele ya watu. Miaka yote niliyomjua, wakati wa ushuhuda huwa anachunguza kitambaa cha meza ya mbele. Jumapili moja ya Aprili akasimama. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kanisa letu ni la mabati na kila kitu husikika.

"Mtoto wangu hakudanganya," akasema. "Alikuwa amepona. Ile pombe nilimpa mimi, kwa mikono yangu, nikiwa nimetabasamu. Kama kuna mtu mnataka kumwombea, mniombee mimi. Niko hapa."

Akabaki amesimama. Hakukaa. Nilitaka kumvuta nguo akae, na pia nilitaka dunia nzima imwone. Baada ya muda mchungaji alishuka kutoka mbele, akatembea hadi mstari wetu, akasema kwamba yeye pia alikuwepo siku ile, na alikibariki kile kitete kwa maombi, na hakufikiri. Akapiga magoti kando ya kiti cha Mwaitu. Hakuomba kwa nguvu kama kawaida yake. Aliomba polepole, kama mtu anayesoma barua.

Nimewahi kusikia watu wakisifu mashujaa. Mimi wangu ni mama wa Mbumbuni mwenye miguu iliyopasuka, ambaye alichukua aibu yangu akaivaa hadharani, ili ipungue kwangu.

Na hakuishia hapo. Agosti, watu wa Kyuso walirudi kuendeleza mambo ya mahari, na kitete kikawa lazima tena. Mjomba Kioko akasema dada mkubwa aitwe. Mwaitu akamwambia dada mkubwa anapika chapati na hatoki jikoni.

"Sasa dada, desturi itakuwaje?" Mjomba akauliza. "Nani ataonja?"

"Mimi."

"Wewe ni mama wa bibi arusi."

"Desturi inataka wageni waone hakuna ubaya. Mimi nimezaa wote wawili. Nani anajua ubaya kunishinda?"

Wazee wa Kyuso walicheka sana. Mjomba alitikisa kichwa akasema amelelewa na mwanamke huyu na hajawahi kushinda hata siku moja. Mwaitu akaonja, akapeleka, na ndoa ya Mumbua haikupungukiwa na kitu. Mimi jikoni niliunguza chapati tatu kwa sababu ya machozi.

Lakini Mutheu alikuwa bado. Mtoto hafuati kanisa wala daktari. Aliendelea kuninusa. Kila siku nikitoka kazini, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusuka watu hapa hapa sokoni Mbumbuni, chini ya kibanda cha turubai, alikuja, akanusa, akaondoka. Sikumkataza. Bi Zuhura aliniambia mtoto ni kama mtu aliyeumwa na mbwa. Usimkimbilie na mbwa wako kumwonyesha kwamba ameacha kuuma. Nikangoja. Septemba ikapita. Oktoba tukapanda ndengu pamoja, yeye akidondosha mbegu, mimi nikifukia kwa mguu, hatuongei sana. Novemba aliniambia, "Leo unanuka sabuni ya mche." Nilibeba hayo maneno wiki nzima kama zawadi.

Jambo moja lilinichoma kuliko yote, na sikulisema kwa mtu. Nywele zake zilikuwa zinasukwa na majirani. Mimi huketi sokoni nasuka watoto wa watu, na wangu anapita mbele yangu amesukwa mistari mitatu iliyopinda kama njia za ng'ombe. Sikumwomba kichwa chake hata mara moja. Kichwa cha mtu ni chake. Unapewa.

Januari, Jumapili moja kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa nimekaa kwenye kibao nje ya chumba changu nikichambua mchele. Mutheu akaja na kitana cha Susu wake na kopo la mafuta. Alisimama. Aliinama, akaninusa mdomoni, akafikiria. Kisha akageuka, akaketi chini kati ya magoti yangu, na kunipa mgongo.

"Mistari minane," akasema. "Na usivute."

Sikuvuta. Nilichukua muda mrefu kuliko nywele za bibi arusi yeyote niliyewahi kusuka. Katikati alilala, kichwa kikiniegemea pajani, kizito, cha moto, na nikaendelea kusuka nikikizuia kwa goti kisiteleze. Mwaitu alitoka jikoni, akatuona, akarudi ndani. Nilimsikia akipenga kamasi.

Sasa ni mvua mbili zimepita tangu hapo. Bado naenda Kitui kila mwezi. Wakati mwingine yule wa ndani huongea, hasa nikiwa na furaha nyingi, ajabu eh. Namwambia leo hapana, na kesho nitamwambia tena. Saluni ya mlango wa rangi ya machungwa bado iko kichwani, vioo vyake vyote vinang'aa, na Mutheu amesema yeye ndiye atakuwa mwenye kupokea wateja.

Siku ile, alipoamka na kukimbia kumwonyesha Susu mistari yake minane, nilibaki peke yangu hapo nje. Chini, kwenye kanga niliyokuwa nimetandaza, kulikuwa na nywele zake zilizotoka kwa kitana. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Nilizikusanya zote, hata zile nyembamba zilizoshika kwenye nyuzi za kanga, nikaziviringisha zikawa kidonge kidogo mkononi. Nilienda nyuma ya nyumba, nikachimba kashimo kwa kisu karibu na ukuta, nikaziweka. Sikuomba chochote siku hiyo. Nilisema asante, nikafukia, nikakanyaga udongo kwa kisigino mpaka ukashikana.